Misimu Mitatu ya Ulezi Katika Kambi ya Watoto Marekani: Tathmini ya Wakala na ya Kambi

Tathmini hii inahusu huduma mbili ambazo mwombaji huzipata kwa mkupuo mmoja, lakini ambazo zinastahili kupimwa kila moja kwa mizani yake: wakala anayemtafutia kijana kazi katika kambi ya watoto ya majira ya kiangazi nchini Marekani, na kambi yenyewe kama mahali pa kazi. Nimefanya kazi hiyo misimu mitatu, kuanzia 2023 hadi 2025, katika kambi moja ya kulala iliyo kando ya ziwa kaskazini-mashariki mwa nchi hiyo. Misimu miwili ya kwanza nilikuwa mlezi wa watoto wa miaka tisa na kumi. Msimu wa tatu nilikuwa kiongozi wa walezi wa rika hilo, na nafasi hiyo iliniingiza pia katika usaili wa waombaji wapya. Nimeiona ajira hii, basi, kwa jicho la anayeomba na kwa jicho la anayechagua. Sitamtaja wakala wala kambi kwa jina.

Nianze na wakala, kwa kuwa ndiye anayeanza kupokea fedha. Mlezi anayetoka nje ya Marekani huingia kwa viza ya J-1, yaani viza ya programu za mabadilishano, katika kundi la walezi wa kambi, na viza hiyo haiombwi na mtu kivyake: lazima awepo mdhamini aliyeidhinishwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, naye ndiye anayetoa fomu ya DS-2019 ambayo bila hiyo hakuna usaili ubalozini. Mwombaji awe ametimiza miaka 18, awe anakimudu Kiingereza, na kambi atakayofanyia kazi iwe imekwisha kupatikana kabla hajasafiri. Muda wa kazi hauzidi miezi minne. Kwa upande huu wa makaratasi wakala wangu anastahili sifa kamili. Fomu ilifika mapema na haikuwa na kosa hata moja la herufi katika jina langu. Alinieleza kwa subira tofauti kati ya ada ya usajili wa SEVIS, mfumo wa serikali ya Marekani wa kufuatilia wageni wa viza kama hii, ambayo kwa walezi wa kambi ni dola 35, na ada ya ombi la viza, ambayo msimu wangu wa pili na wa tatu ilikuwa dola 185. Bima aliyonikatia ilitimiza kiwango kinachotakiwa na kanuni za J-1, yaani dola 100,000 kwa kila ajali au ugonjwa na dola 50,000 za kumsafirisha mgonjwa kumrudisha kwao, huku kiasi anachoanza kujilipia mwenye bima kisizidi dola 500. Msimu wa pili nilivunjika kidole cha mkono nikifunga mtumbwi gatini, na bima hiyo ililipa bila mzozo.

Aliponiangusha wakala ni katika kuieleza kazi. Picha zote alizonionyesha zilikuwa za mchana: vijana wakicheka juu ya mitumbwi, watoto wakilenga shabaha kwa upinde, moto wa jioni na gitaa. Niliambiwa kwamba ningekuwa mwalimu wa mitumbwi. Ni kweli nilifundisha mitumbwi, saa nne kwa siku. Lakini mkataba, niliousoma kwa makini nikiwa tayari ndani ya ndege, ulisema kwamba ninaishi katika kijumba cha mbao pamoja na watoto, kwamba ninawajibika kwao tangu wanapoamka hadi wanapolala na usiku kucha likitokea jambo, na kwamba mitumbwi ni wajibu wa nyongeza. Mimi nilikuwa nimeombea kazi ya michezo nikaajiriwa kazi ya malezi. Tofauti hiyo ndiyo msingi wa yote nitakayoyasema, kwa sababu kila mtumishi niliyemwona akiondoka kabla msimu haujaisha, aliondoka kwa kuwa hakuna aliyemwambia ukweli huo mapema.

Malipo yasemwe wazi. Msimu wa kwanza nililipwa dola 1,900 kwa wiki tisa, chakula na malazi vikiwa juu ya kambi. Nilipozigawa kwa saa nilizokuwa kazini, siku sita kwa wiki na takriban saa kumi na nne kwa siku bila kuhesabu usiku, nilipata kama dola mbili na nusu kwa saa, ilhali kima cha chini cha serikali kuu ya Marekani ni dola 7.25 tangu 2009. Wengi hudhani huo ni wizi. Sheria ya kazi ya nchi hiyo inaziondoa kambi zinazoendeshwa kwa muda usiozidi miezi saba kwa mwaka katika masharti ya kima cha chini na ya malipo ya saa za ziada, ingawa majimbo mengine yana sheria zao zenye ukali zaidi. Kinachotakiwa kwa mgeni wa J-1 ni kwamba alipwe sawa na Mmarekani mwenye nafasi kama yake, na katika kambi yetu sharti hilo liliheshimiwa: mwenzangu wa kijumba kimoja, mzaliwa wa jimbo hilohilo, alilipwa kama mimi. Sioni aibu kukubali mshahara mdogo nikijua ni mdogo. Lililonikera ni kwamba wakala aliutaja kwa jumla ya msimu na hakuutaja hata mara moja pamoja na saa zake.

Kuna kanuni nyingine ambayo kila mwombaji aikariri. Kundi hili la viza halikuwekwa ili kambi zipate wapishi, waosha vyombo, wafagiaji au makarani kutoka nje. Kazi ndogondogo ambazo walezi wote hushiriki, kama kufuta meza na kufagia kijumba, zinakubalika. Kumhamishia mlezi jikoni kwa wiki tatu kwa sababu mwosha vyombo ameacha kazi hakukubaliki. Msimu wa kwanza jambo hilo lilitaka kumpata mwenzetu mmoja, naye hakulijua kuwa ni kosa. Aliyemwambia ni mlezi mkongwe, si wakala. Kadhalika, kijitabu cha haki za wafanyakazi kinachotolewa ubalozini husema waziwazi kwamba mwajiri hana ruhusa ya kuzuia pasipoti yako. Kambi yetu ilitoa sanduku la chuma la kuhifadhia kwa anayetaka, na ufunguo ulipatikana saa yoyote tulipouhitaji.

Sasa kambi yenyewe. Wiki ya kwanza watoto hawajafika, na wiki hiyo ndiyo niliyoitumia, misimu yote mitatu, kujua nimeangukia mikono ya nani. Katika siku saba hizo tulifunzwa mambo ambayo sikuwahi kuyafikiria kuwa ni sehemu ya ajira: kwamba mtu mzima hakai na mtoto mmoja mahali wasipoonekana na wengine, kwamba dawa zote, hata ile ya kikohozi, hutolewa na muuguzi peke yake, jinsi ya kumchoma paja mtoto mwenye mzio wa karanga kwa sindano ya epinefrini bila kupoteza sekunde kumvua suruali, na ukaguzi wa kupe kila jioni, nyuma ya magoti, kwapani na kwenye mstari wa nywele, kwa kuwa ukanda ule una ugonjwa wa Lyme unaoenezwa nao. Tulioneshwa pia mmea wenye majani matatu matatu unaowasha ngozi kwa siku kadhaa, nami nilimshukuru aliyetuonesha.

Zoezi lililonibakia moyoni ni la ziwani. Kila mtoto anayeingia majini huwa na mwenzake aliyepangiwa, na namba za wote wawili hutundikwa ubaoni. Kila baada ya dakika kama kumi filimbi hupulizwa, wawili wawili hushikana mikono na kuiinua, na mwokoaji huhesabu. Hesabu isipolingana, kambi nzima husimama. Tulilifanyia mazoezi tukio hilo: walezi thelathini tulishikana mikono tukatengeneza mstari mmoja, tukatembea polepole kutoka ufukweni kuelekea kina, tukipapasa chini kwa nyayo, tukitafuta kiumbe tunachoomba Mungu tusikiguse. Mkurugenzi alikuwa ameweka fulana iliyojazwa mchanga mahali fulani ndani ya maji. Aliyeikanyaga alilia, ingawa sote tulijua kuwa ni fulana. Kambi inayokufanyia zoezi hilo kabla ya kukuonesha bakora ya gofu au mpira wa kikapu imekwisha kukuambia inakuajiri kwa lipi.

Na usiku? Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu hakuna tangazo la kazi linalopagusa. Taa zikizimwa, walezi wa zamu hukaa kwenye baraza za vijumba, na watoto huanza kusikika. Wapo wanaonong'ona, wapo wanaocheka, na katika siku nne za kwanza wapo wanaolia kwa kukumbuka nyumbani. Msimu wa kwanza nilikuwa na mtoto wa miaka tisa aliyekuwa mchangamfu kupita wote mchana, na kila usiku saa tatu unusu alikaa kitandani akiwa ameshika viatu vyake mkononi, tayari kuondoka. Nilitaka kumwahidi kwamba asipozoea kufikia Jumapili tungewapigia wazazi wake waje. Kiongozi wangu alinizuia, na alikuwa ametufundisha sababu yake kabla: ahadi ya namna hiyo humfanya mtoto ahesabu siku badala ya kuziishi, na humwambia kwamba hata sisi hatuamini kuwa anaweza. Badala yake nilimwomba aandike barua, sentensi tatu tu kila usiku, moja ikiwa juu ya jambo lililomuudhi, kisha nikampa kazi ya kunisaidia kuhesabu makasia asubuhi. Siku ya sita viatu vilibaki chini ya kitanda. Sikumfanyia muujiza, nilifanya nilichofundishwa, na ninaisifu kambi kwa kuwa ilikuwa imenifundisha.

Vivyo hivyo kwa watoto wanaokojoa kitandani. Katika kijumba cha watoto kumi au kumi na mmoja, mmoja au wawili si ajabu, na siri ikitoka mbele ya wenzao msimu wao umeharibika. Kambi yetu ilikuwa na utaratibu wa kimyakimya: mlezi mmoja huwaongoza watoto kwenda kunywa chai, mwingine hubaki, hubadilisha shuka, hutandika kitanda kama kilivyokuwa, na mfuko wa nguo huchukuliwa kwa mlango wa nyuma. Mzazi huwa amekwisha kueleza jambo hilo katika fomu ya afya. Nimeitimiza kazi hiyo asubuhi nyingi, na hakuna mtoto aliyejua kwamba mwenzake ana tatizo. Hiyo ni kazi ya ufundi, nayo haina picha.

Lawama yangu kubwa kwa kambi ni hesabu ya watumishi. American Camp Association, chama kilichoanzishwa 1910 ambacho hukagua kambi na kuzipa ithibati kwa hiari yao, kimeweka viwango vya kambi za kulala: mtumishi mmoja kwa watoto sita wa miaka sita hadi minane, mmoja kwa wanane wa miaka tisa hadi 14, mmoja kwa kumi wa miaka 15 hadi 17. Kambi yetu ilikuwa na ithibati na katika karatasi ilivitimiza, kwa kuwa kijumba changu kilikuwa na watoto 11 na walezi wawili. Lakini kila mlezi ana saa 24 za mapumziko kwa wiki, na jioni kadhaa za kutoka. Mwenzangu alipokuwa mapumzikoni nilibaki peke yangu na wote 11 tangu kuamka hadi kulala. Ikiwa mmoja anatapika na wawili wanapigana, huwezi kuwa mahali pawili. Nililisema msimu wa kwanza nikajibiwa kwa upole. Nililisema msimu wa pili. Msimu wa tatu, nikiwa kiongozi, nilipewa walezi wawili wasio na kijumba wa kuziba mapengo ya siku za mapumziko, na ajali ndogondogo za rika letu zilipungua kwa namna ambayo hata muuguzi aliitaja. Mwombaji asiulize tu kuna watoto wangapi kwa kila mlezi. Aulize kuna wangapi siku ambayo mwenzake hayupo.

Msimu huo wa tatu ulikuwa na jambo jingine. Tulikuwa na watoto kwa wiki ya pili habari ilipotufikia kwamba alfajiri ya tarehe 4 Julai 2025 Mto Guadalupe katika jimbo la Texas ulifurika na kuikumba Camp Mystic, na idadi ya watoto na walezi waliokufa pale ilifikia 27. Walezi wetu wengi walikuwa na umri wa walezi waliokufa pale. Usiku uleule, watoto wakiwa wamelala, mkurugenzi alituita kwa mafungu, akatutembeza gizani kwa njia ya kupandia kilimani, akatuuliza mmoja mmoja ni nani anayepiga king'ora akiwa yeye hayupo, na simu ikikatika tunawasilianaje. Maswali mawili kati ya yale hayakuwa na jibu, na kesho yake yalipatiwa jibu. Texas ilitunga sheria mwaka huohuo inayozuia kambi kuwalaza watoto katika vijumba vilivyomo ndani ya eneo la mafuriko. Tangu hapo kila mwombaji niliyemsaili, akinipa nafasi ya kuuliza ana swali gani, nilifurahi sana aliponiuliza vijumba vyetu viko umbali gani na maji.

Kuhusu usaili wenyewe, naomba nieleze kinachotazamwa, kwa kuwa mawakala huwafunza vijana kujibu maswali ambayo hatuyaulizi. Hatuulizi kwa nini unaipenda Marekani, na anayetumia nusu ya muda wake kutaja majiji anayotaka kuyaona baada ya msimu hujipunguzia nafasi, ijapokuwa ni haki yake kuyaona: baada ya programu kuisha huwa na siku 30 za kusafiri. Tunauliza ni lini mara ya mwisho mtoto alikukasirisha, na ulifanya nini dakika tano za mwanzo. Tunauliza utamfanyia nini mtoto asiyetaka kushiriki. Mwombaji mmoja, aliyelea wadogo zake watano, alijibu kwa kunyamaza kidogo kisha akasema kwamba angekaa karibu na mtoto huyo akifanya jambo fulani kwa mikono yake, hata kufunga fundo la kamba, mpaka mtoto aulize anafanya nini. Hakuwa na cheti hata kimoja. Tulimchukua, na kati ya wote tuliowaajiri mwaka ule yeye ndiye ambaye mzazi mmoja aliiandikia kambi barua ya kumsifu. Ujuzi wa kuogelea, kupanda farasi, ufinyanzi au kupanda miamba husaidia, na cheti cha uokoaji majini hufungua milango mingi. Lakini ujuzi hupangiwa ratiba baada ya mtu kukubaliwa, nao hautoshi kumfanya akubaliwe. Marejeo husomwa kwa makini, na taarifa ya polisi haina mbadala. Walezi wa Marekani nao huchunguzwa kumbukumbu za uhalifu na orodha ya taifa ya wakosaji wa makosa ya kijinsia.

Mgeni pia ajue kwamba anaingia katika ukoo. Desturi ya kuwapeleka watoto kambini ina umri mkubwa kule: mwalimu Frederick William Gunn aliwapeleka wanafunzi wake wa Connecticut kupiga kambi mwaka 1861, na Camp Dudley ya jimbo la New York inafanya kazi tangu 1885. Sehemu kubwa ya walezi wenzangu walikuwa watoto wa kambi hiyohiyo, kisha walezi wanafunzi, kisha watumishi. Wanajua nyimbo zote, wanajua ni jiwe gani la ufukweni lina utelezi. Wiki mbili za kwanza nilijiona kama mtu aliyefika arusini katikati ya sherehe. Kambi yetu ingeweza kutusaidia zaidi kwa kumpa kila mgeni mwenyeji mmoja tangu siku ya kwanza, na nilipopendekeza hivyo ilikubali. Watoto, kwa upande wao, hawakuwa na shida yoyote. Walituita sote kwa jina la kwanza bila cheo, jambo lililonichukua siku kadhaa kulizoea, na walinifundisha nyimbo haraka kuliko nilivyowafundisha kupiga kasia.

Kodi nitaigusa kwa kifupi. Mlezi wa J-1 asiye mkazi hakatwi makato ya Social Security na Medicare, yaani ya hifadhi ya jamii na ya bima ya afya ya wazee, lakini anadaiwa kodi ya mapato, na mwaka unaofuata hujaza fomu ya 1040-NR. Karani wa kambi alinikata makato hayo kimakosa msimu wa kwanza, akanirudishia nilipomwonesha kanuni. Akague kila mtu hati yake ya malipo ya kwanza.

Kambi ningeirudia, na imenialika msimu wa nne. Wakala nisingempendekeza kwa anayeanza, isipokuwa kama mwombaji atadai kuuona mkataba wa kambi kabla ya kulipa senti ya kwanza, na kuzungumza uso kwa uso, hata kwa video, na mlezi aliyelala katika kijumba kilekile. Kwa anayerudi, mambo ni mepesi zaidi: ukiwa na kambi iliyokwisha kukukubali, wadhamini wengi huwa na ada ya chini kwa mtu wa namna hiyo, kwa kuwa hawana kazi ya kukutafutia nafasi. Ndivyo nilivyofanya msimu wa tatu, kwa mdhamini mwingine, na swali lake la kwanza kwangu lilikuwa ni watoto wangapi watakuwa katika kijumba changu na nani atanipokea zamu.